Siku Moja Kando ya Lualaba

Katika Maniema ya kusini, mtu akifunga mfuko na kupanda pikipiki kabla ya jua kuchomoza, jirani humuuliza: kuna msiba wapi? Swali hilo lina haki yake. Safari zetu karibu zote husukumwa na jambo zito. Mgonjwa anapelekwa hospitali, mchele unapelekwa sokoni, ndugu anazikwa, kijana anakwenda kutafuta dhahabu upande wa Namoya na Salamabila, au familia nzima inakimbia risasi. Watu wa Kasongo, Lusangi na Kabambare wamezikanyaga barabara hizi miaka mingi, lakini wengi hawajawahi kuzipita hata siku moja kwa ajili ya kupumzika tu.

Naandika kuwaomba wazipite hivyo, walau mara moja kila kiangazi. Lualaba, mto mkubwa kuliko yote Afrika ya Kati, unapita karibu nasi. Tunauvuka, tunavua samaki wake, tunapakia mizigo juu yake, kisha tunageuka na kurudi bila kuuangalia. Mtu aliyechoka kwa miaka ya kazi na vita anahitaji siku ambayo hakuna anachouza wala anachokimbia. Siku ya namna hiyo haitokei yenyewe, hasa mahali ambapo barabara ni ya udongo na jioni ina hatari zake. Hupangwa, na mpango wake ndio huu.

Chagua mto ulio karibu nawe

Anayeishi mjini Kasongo ana njia mbili. Ya kwanza ni fupi: kushuka kusini-magharibi hadi ukingo wa Lualaba, upande wa Kasongo-Rive, mahali pa kuvukia. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa familia yenye watoto wadogo au wazee, kwa sababu saa nyingi za siku zitakuwa za kukaa mtoni na chache tu za njiani. Ya pili ni Nyangwe, mji mdogo wa kale kwenye ukingo wa kulia wa Lualaba, kaskazini-magharibi ya Kasongo. Ukiupima kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 50, na barabara hainyooki. Nyangwe ni ya watu wazima wenye afya, wenye pikipiki nzima, katika majira ya ukavu.

Ndugu wa Kabambare, na wa Lusangi ambaye mji wa Kasongo uko mbali naye, asijidanganye kwamba atafika Lualaba na kurudi siku ileile. Ana mawili ya kufanya. Aje Kasongo siku moja kabla, alale kwa jamaa, aende mtoni kesho yake akiwa na nguvu. Ama aufuate mto wake mwenyewe, Luama, unaotoka milima ya mashariki, ukapita nchi ya Kabambare na kuingia Lualaba kusini-mashariki ya Kasongo. Kivuli cha Luama kinapumzisha sawasawa na cha Lualaba. Kosa ni kudhani kwamba safari ya maana lazima iwe ya mbali.

Hiki ndicho kipimo changu: kwenda kukichukua zaidi ya saa tatu, safari hiyo si ya siku moja tena. Ipangie malazi, au chagua mahali pa karibu.

Majira na siku

Kwetu mvua huanza mnamo Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Miezi ya kwenda mtoni ni Juni, Julai na Agosti. Matope hukauka, madaraja ya magogo huacha kuteleza, na maji ya mto hupungua hata mchanga ukaonekana. Julai na Agosti watoto nao wako katika likizo kubwa. Ubaya wa majira haya ni vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kwa hiyo kila mtu awe na kitambaa cha kufunika pua, na mwenye pumu asiache dawa yake nyumbani.

Kuhusu siku yenyewe, Ijumaa na Jumapili zina ibada, na kwetu nyumba nyingi zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Jumamosi ni nzuri, ila mahali inapofanyika salongo uulize kwanza, kwa maana asubuhi ile watu wote wako kwenye kazi ya usafi na hawapendi kuona wengine wanapita wakistarehe. Tarehe 30 Juni ina maandamano ya uhuru na askari wengi barabarani. Tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi, asubuhi ni ya makaburi na mchana ni wa wazazi walio hai, na wengi hupenda kuwa nyumbani. Lakini wiki yoyote baada ya hapo inafaa sana kumchukua mama au baba mzee kumpeleka mtoni. Heshima tuliyompa kwa chakula na nguo tunaweza kumpa pia kwa siku ya kukaa naye bila haraka.

Panga kurudi kabla ya kwenda

Hili ndilo shauri lililo kubwa kuliko mengine yote. Mapumziko huharibika jioni. Mtu hucheka mchana kutwa, kisha giza humkuta katikati ya pori, tairi limetoboka, taa ya pikipiki haiwaki, watoto wanalia. Akifika nyumbani usiku, hukumbuka hofu ile tu.

Huku kwetu jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, na giza huingia upesi. Basi anza hesabu yako jioni, urudi nyuma. Unataka kuwa nyumbani saa kumi na moja, mwanga ungalipo. Kama kwenda huchukua saa mbili, weka saa tatu za kurudi, kwa maana njiani jioni kuna uchovu, kuna mizigo, na kuna watu wa kusalimia. Hivyo mtoni utaondoka saa nane mchana. Ili ukae mtoni saa tano nzima, inakupasa uwe umefika saa tatu asubuhi, yaani uondoke nyumbani saa moja. Kwa Nyangwe, ondoka mwanga wa kwanza unapotoka. Saa ya kuondoka mtoni iseme mbele ya wote kabla hamjapanda pikipiki, na mmoja apewe kazi ya kuikumbusha. Ikifika, mnaondoka hata kama samaki hajaiva.

Na dereva mzungumze mapema bei ya kwenda na kurudi pamoja, nani analipa mafuta, na kwamba atawasubiri bila kubeba abiria wengine. Mlipe sehemu mkifika, na iliyobaki mkirudi. Yeye naye anakula chakula chenu. Pikipiki moja ibebe abiria mmoja, au mama na mtoto mdogo, basi. Kabla ya kuondoka angalieni breki, taa, mnyororo na vifaa vya kuziba tairi. Mafuta ya chupa yanayouzwa kando ya barabara wakati mwingine huchanganywa, kwa hiyo jaza mjini.

Siku moja kabla, uliza hali ya usalama kwa watu wawili wasiojuana: dereva aliyetoka njia ile juzi, na mfanyabiashara au mtumishi wa kanisa au msikiti mwenye jamaa kule. Mmoja akisitasita, ahirisha. Mto utakuwapo wiki ijayo.

Karatasi, faranga na simu

Chukua kadi ya mpiga kura, kwa maana ndiyo kitambulisho kinachojulikana kwenye vizuizi vyote. Mwenye mtoto wa mtu mwingine awe na neno la mzazi wake lililoandikwa na kutiwa sahihi. Kwenye kizuizi shuka, vua miwani, salimu kwa upole, jibu unakokwenda na saa ya kurudi. Ukiombwa malipo, uliza ni ya nini na uombe risiti bila kupandisha sauti.

Faranga ziwe ndogondogo. Noti kubwa kijijini haina chenji, na dola yenye mpasuko hata wa ukucha hukataliwa kila mahali. Pesa ya kurudi ifungwe peke yake, iwekwe mahali tofauti, na isiguswe kwa samaki wala kwa nguo nzuri uliyoiona sokoni. Simu ijazwe chaji usiku, kwa kuwa mtandao hupotea njiani. Nyumbani abaki mtu anayejua mmepita njia gani na mtarudi saa ngapi, na anayejua wa kumpigia saa hiyo ikipita.

Chakula, na mapumziko ya mama

Siku ya mapumziko inayompa mama kazi mara mbili haijastahili jina hilo. Nimeona familia zikienda kustarehe, na mama akaamka saa tisa usiku kutwanga sombe, akabeba sufuria kichwani, akapika juani, akaosha vyombo mtoni, akarudi nyumbani kuwasha moto tena. Wengine wote walipumzika. Yeye alihamisha jiko tu.

Gawaneni kazi kabla. Chagueni chakula kisichohitaji jiko: wali wa mchele wetu wa Kasongo uliofungwa katika majani ya ndizi, kalanga, ndizi, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu. Kipikwe jioni iliyotangulia na wanaume wakiwa jikoni pia. Au mkifika mtafuteni mama wa pale anayechoma samaki, mkubaliane bei mapema, mumwache afanye kazi yake mwenyewe na mapato yabaki kijijini. Sombe yenye mawese na samaki aliyetoka majini asubuhi hiyo, na ugali wa muhogo kando, ni karamu tosha. Vyombo vioshwe na vijana. Ukirudi nyumbani, usiku ule pasiwe na kupika: kiliwe kilichobaki.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani, yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini, walau lita mbili kwa kila mtu mzima. Maji ya Lualaba yasinywewe hata yakionekana meupe. Kipindupindu kimeshapita mara nyingi katika vijiji vya kando ya mto huu. Beba sabuni, na mkono uoshwe kabla ya kila tonge. Mtu akishikwa na kuhara, mpe papo hapo maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari visivyo na kilima, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kisha msichelewe, mpelekeni kituo cha afya.

Ukifika, salamu kwanza

Mahali unapokwenda kupumzika ndipo mwenzako anapofanya kazi. Wagenya na wavuvi wengine wa mto huu wanatengeneza nyavu, wanaanika samaki, wanavusha watu. Usitandike mkeka kabla ya kumsalimu kapita wa kijiji. Mwambie: “Mzee, tumetoka Kasongo, tunaomba kukaa kando ya mto hadi saa nane, kisha tunarudi.” Zawadi ndogo ya sabuni au chumvi inatosha. Naye atakuambia jambo ambalo huwezi kulisoma popote: wapi mamba ameonekana wiki hii, wapi kina mama huchota maji, wapi ni mahali pa matambiko pasipokanyagwa.

Picha zipigwe kwa ruhusa. Usielekeze simu kwa askari, bandari, feri wala daraja, kwa maana hilo limewaletea wengi taabu. Mvuvi aombwe kwanza, na akikataa pasiwe na maneno. Takataka zote zirudi mjini ndani ya gunia.

Maji ya kuangalia na maji ya kuingia

Watoto watataka kuoga. Hapa mzazi awe imara. Kuna hatari tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni mamba. Hukaa palepale watu wanapozoea kuinama, na katika kiangazi hupanda mchanga kuota jua. Mtoto asicheze chini ya hatua kumi kutoka majini bila mtu mzima aliyesimama kati yake na mto. Kiboko naye, ukimwona, ondoka taratibu, na kamwe usisimame kati yake na maji.

Ya pili ni kichocho. Konokono wake hukaa mahali maji yametulia, penye majani, na vimelea huingia kwa ngozi hata kwa mtu aliyesimama tu akinawa miguu. Kama kuna mtu amelowa, mweleze muuguzi wiki chache baadaye, hasa damu ikionekana katika haja ndogo au kubwa. Ugonjwa huu una tiba ya vidonge, na ukiachwa huharibu ini na kibofu.

Ya tatu ni mkondo. Lualaba hauonekani kukimbia, lakini una nguvu kuliko mwogeleaji yeyote. Shauri langu ni kwamba siku hiyo mto uwe wa kuangalia. Kama moyo unataka kuingia mtumbwini, iwe safari fupi, asubuhi, kabla ya upepo wa mchana, na mwenyeji mwenye kasia. Kaeni chini, asisimame mtu. Kama kutoka kwenye maji hadi ukingo wa mtumbwi hakufiki kiganja kimoja, umejaa kupita kiasi: shukeni. Jaketi za kuokolea zikiwapo, mzivae kabla ya kusukumwa. Wingu jeusi likitokea, ghairini.

Baada ya hayo, fanyeni machache. Familia nyingi huchoka kwa sababu zimejaza siku. Saa ya kwanza iwe ya kukaa tu kivulini, simu zikiwa mfukoni. Kisha matembezi mafupi, kula, kulala kidogo, mazungumzo. Anayeswali ataswali adhuhuri, anayetaka kuimba ataimba. Wazee wapewe kiti chenye mgongo, na waulizwe habari za ujana wao. Mto hulegeza ulimi, na vijana watasikia mambo ambayo nyumbani hayana nafasi.

Mtoto akiuliza maji haya yanatoka wapi na yanakwenda wapi, mpe jibu kamili. Yanaanza Katanga karibu na mpaka wa Zambia, yanapokea Luvua, na pia Lukuga inayoleta maji ya Ziwa Tanganyika. Yanapita Kongolo na magenge yake, ndipo yanafika kwetu. Kutoka hapa yanakwenda Kibombo, Kindu na Ubundu, na baada ya maporomoko ya Kisangani yanaitwa Kongo hadi baharini. Msafiri Stanley aliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 pamoja na mfanyabiashara Tippu Tip, Hamed bin Muhammed, aliyemsindikiza sehemu ya njia. Stanley alifika Boma, karibu na bahari, Agosti 1877. Miezi tisa. Mtoto akisikia hivyo, atajua kwamba kijiji chake kiko juu ya njia kubwa ya dunia.

Ukichagua Nyangwe, nenda na heshima

Nyangwe ni mahali pa kupumzika na mahali pa kukumbuka, na mambo hayo mawili hayagombani. Msafiri Livingstone alifika pale mwishoni mwa Machi 1871 akakaa karibu miezi minne. Alilipenda soko lake, ambapo maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu wakiuza samaki, vyungu, kuku, chumvi na mawese. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Wanawake wakakimbilia mitumbwi, mingi ikazama. Hesabu iliyotolewa siku zile ilikuwa kati ya watu 330 na 400. Livingstone aliandika aliyoyaona juu ya karatasi za gazeti la zamani, kwa wino wa mbegu, kwa kuwa wino wake ulikuwa umekwisha. Maandishi yale yalififia hata hayakusomeka, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoyatoa tena kwa picha za mianga mbalimbali.

Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba juu ya biashara hiyo, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo akina mama wa soko la Lualaba wana sehemu yao katika kufungwa kwa soko la pwani, ingawa majina yao hayakuandikwa. Miaka 20 baadaye, Machi 1893, jeshi la Dola Huru ya Kongo, likiongozwa na Dhanis, liliuteka mji wa Nyangwe katika vita na Waarabu, na Aprili likaiteka Kasongo. Nyangwe, mji uliokuwa mkubwa, ukawa kijiji.

Waambie watoto haya mkiwa mmekaa, kabla ya kula, kwa sauti ya kawaida. Wasirudi na chuki ya dini wala ya kabila. Katika damu ya watu wa Kasongo kuna aliyefungwa mnyororo na kuna aliyeushika, kuna mwenyeji na kuna aliyekuja na msafara, na Kiswahili tunachozungumza kilikuja kwa njia ileile. Kuketi kwa amani mahali ambapo watu walikimbia wakafa ni haki waliyoikosa wao, na sisi tunaitimiza kwa ajili yao pia.

Kama pesa hakuna

Wengi watasema: haya ni ya wenye nacho. Sikubaliani. Watu kumi wa mtaa mmoja, au kina mama wa likelemba, yaani upatu, wanaweza kutenga kiasi kidogo kila wiki kuanzia Januari, wakakikabidhi kwa mwekaji wao wanayemwamini. Kufika Julai nauli imetimia. Baiskeli zinatosha kwa mto wa karibu, na kwa aliye kijijini, kijito kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kinatosha kabisa, mradi taratibu ni zilezile: saa ya kurudi imesemwa, mama hapiki, maji ya kunywa yametoka nyumbani, mwenyeji amesalimiwa.

Mwaka wa kwanza majirani watawauliza msiba uko wapi. Wajibuni kwamba hakuna msiba, mnakwenda kupumzika, na mwaka ujao nao wana nafasi. Anzeni kwa kuchagua tarehe leo, muiandike ukutani, na muweke faranga ya kwanza.